Ubao Ulionyweshwa Maji

Valentino aliporudi Ifakara baada ya miaka mingi ya kukaa Unguja, kitu cha kwanza alichokidharau ni stendi ya mabasi. Cha pili kilikuwa bajaji iliyompokea, cha tatu tope la barabarani, na kabla hajafika kwao Kivukoni alikuwa ameshaishiwa vitu vya kudharau, ikabidi aanzie watu.

Kule Unguja alikuwa mwalimu wa ubao wa tanga. Kwa asiyeujua, huo ni ubao wenye upana wa kukaribia mlango, unachomekwa mlingoti na tanga. Mtu husimama juu yake, akashika tanga kwa mikono, upepo ukambeba. Wageni hutoka mbali na kulipa ili wafundishwe namna ya kuanguka kutoka juu yake. Kazi ya Valentino ilikuwa kuwasimamisha tena, kuwasukuma migongo na kuwaambia wanaendelea vizuri hata waliokuwa wanaendelea vibaya. Si kazi mbaya. Ila ukimsikiliza mwenyewe ungedhani Bahari ya Hindi ilikuwa imezubaa tu mpaka alipofika yeye.

Safari hii alikuwa na haja ya kweli. Mwenye shule alikuwa anaunda timu ya kupanda mawimbi makubwa, yale yanayopasuka nje ya mwamba, na nafasi ilikuwa imebaki moja. Sharti nalo lilikuwa moja: mtu aje na ubao wake mwenyewe, tena wa mawimbi, si kuazima mbao za shule. Majaribio yalikuwa Jumapili. Asiyekuwa na ubao angeendelea kusukuma migongo ya wageni mpaka wake nao upinde, na Valentino alishaichoka migongo ya watu.

Bahati yake ilikuwa stoo ya parokia. Bruda Alois, mzungu wa misheni aliyepata kukaa Ifakara mpaka nywele zikawa nyeupe, alikuwa na wazimu wa ubao wa tanga, na masika bonde linapojaa maji alikuwa akitoka nao kule uwandani, watu wakisimama kumwangalia na kumwonea huruma. Ndiye aliyemfundisha Valentino alipokuwa mtoto. Alipozeeka akarudi kwao, akaacha mbao tatu, na juzijuzi akatuma ujumbe kwa katekista: Valentino achague mmoja, mbili zitakazobaki zifanyiwe lolote.

Mzee Kelestini, baba yake, alipoyasikia hayo alivaa shati lake la kanisani akasema wataenda wote.

"Ni chombo cha majini," alisema. "Nami ndiyo kazi yangu."

Mzee huyo alikuwa mchonga mitumbwi. Zamani, kabla daraja halijajengwa, waliokuwa wakivuka mto Kilombero wengi wao walikalia kazi ya mikono yake, na hadi leo wavuvi humfuata. Ni yeye aliyemsimamisha Valentino kwenye mtumbwi akiwa mdogo, akampa pondo la kusukumia na kumwacha ajue mwenyewe maji yanavyotikisa. Lakini Valentino alikuwa ameshaamua kuwa kusimama alizaliwa nako. Alivaa miwani yake ya jua, akatembea mbele, baba yake nyuma kama mtu aliyebebeshwa mzigo.

Katekista Hermenegildi aliwapokea mlangoni pa stoo na funguo mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Poa," alijibu Valentino.

Katekista alisubiri kidogo, labda neno jingine lingefuata. Mzee Kelestini akajibu, "Milele amina," kwa niaba ya ukoo mzima, na wakaingia.

Ubao wa kwanza ulikuwa wa njano, mrefu na mzito, wa kujifunzia. Valentino aliusukuma kwa ncha ya kiatu. "Huu si ubao, ni kivuko," alisema. "Uwekeeni miguu mkalie."

Katekista akatikisa kichwa kuafiki. Alikuwa mtu wa kusikiliza.

Wa pili ulikuwa wa bluu, mfupi, umebinuka puani, wa mawimbi kweli. Bruda aliupasua siku moja kwenye kisiki akaziba pua kwa mikono yake, na kiraka kilikuwa kinaonekana. Valentino aliunyanyua, akaugonga kwa kiungo cha kidole kutoka pua hadi mkia, akisikiliza. Ulilia mkavu na sawasawa kila mahali. Haukuwa na maji ndani. Aliukanyaga ukingoni, haukubonyea. Angekuwa mtu mwenye akili timamu angeuweka pembeni akasema huu nao unafaa. Lakini akafikiria Jumapili, wenzake wamejipanga ufukweni na vyombo vinavyong'aa, na yeye na kiraka cha misheni.

"Huu nao ukatieni mlango wa banda la bata," alisema.

"Bata ninao," alisema katekista kwa uzito wote.

Wa tatu ulikuwa mweupe, mpya, bado umo ndani ya mfuko wake. Hapo Valentino alivua miwani. Aliutoa taratibu, akauweka kwenye mapaja na kuuangalia kwa jicho moja toka mkiani. Pua ilikuwa imeinuka vizuri, ya kumzuia mtu asichimbe wimbi wakati anashuka nalo. Mkia ulikuwa mwembamba, wa kukata kona ghafla. Kingo zilikuwa nyembamba nyuma, ndipo ubao unapong'ata maji. Pezi lilikaa bila kucheza. Alijaribu mikanda ya miguu, ikamtosha kama aliyepimwa. Alipounyanyua kwa mkono mmoja, alicheka kwa furaha, na hicho ndicho kicheko pekee kisicho na dharau alichokitoa safari nzima.

Mzee Kelestini naye alikuwa amechuchumaa, anapitisha kiganja ubavuni, polepole, kama anavyopitisha kwenye mtumbwi kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Kidole chake kikasimama kwenye mstari mwembamba uliozunguka ubao wote.

"Hapa pana ufa."

"Si ufa, mzee. Ni mshono."

"Basi chombo chenye mshono hunyweshwa maji kwanza. Kikavu hivi, juani kitapasuka."

Valentino alimwangalia katekista, akitafuta mtu wa kucheka naye. "Mzee, huu si mtumbwi wenu. Baki na magogo yako."

Kisha akatoa sarafu mfukoni, akaiingiza kwenye skrubu ndogo iliyoziba kitundu katikati ya ubao, akaikaza. Baba yake akaangalia vile mkono ulivyozunguka.

"Na hicho kitundu ni cha nini?"

"Hata nikikwambia hutaelewa."

Wahenga walituachia maneno kuhusu asiyeuliza, kwamba hana ajifunzalo. Sijui kwa nini hawakutuachia neno kuhusu anayeuliza akanyimwa jibu. Labda walidhani hakuna mtoto wa hivyo.

Mchana upepo uliamka. Bonde lilikuwa limejaa, maji yametanda juu ya majani mpaka mbali, na upepo ukawa unayakunja kuwa viwimbi vya kufika magotini. Valentino alivitazama viwimbi hivyo kwa masikitiko. Aliwaambia waliokusanyika kwamba kule Unguja wimbi dogo tu lingewafunika wao na nyumba zao, wakapokea habari hiyo kwa utulivu. Walipata kufunikwa na mto huu huu pamoja na nyumba zao, tena si mara moja, na hakuna aliyewapigia makofi.

Dada yake Agnella alikuwepo. Yeye hukaanga samaki pale karibu na daraja, na ndiye aliyemlea Valentino mama yao alipofariki, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumwogopa. Alikuja na kisu cha kuparia magamba mkononi, akasimama karibu na baba yao.

Lazima niseme ukweli: kijana alijua. Alipachika tanga, akaingia kwenye mikanda, na ubao ukaondoka kama uliofukuzwa. Alikata kona, akarudi, akarukia kiwimbi kimoja akageuka hewani. Ubao ulikuwa unamtii kabla hajamaliza kuuomba. Aliona Jumapili yake yote mbele yake. Watoto walipiga kelele, hata Agnella akasahau kukunja uso.

Halafu upepo ukakatika ghafla, na ubao ukazama. Si kwamba ulizama kabisa. Ubao wa mawimbi ni mdogo, hauna povu la kutosha ndani yake la kumbeba mtu mzima akiwa amesimama bila upepo, hivyo hushuka na maji yakamfikia magotini, hapo mtu husubiri pumzi nyingine ya upepo aondoke. Ndivyo ulivyotengenezwa. Lakini baba aliyesimama kando hakuona hayo. Aliona mwanawe amesimama kwenye maji juu ya chombo kisichoonekana.

Valentino alipotoka, mzee alimfuata mpaka pale alipouacha mfuko wa ubao.

"Mwanangu, mbona kilizama?"

"Kilizama wapi?"

"Nimekiona. Maji yanaingia mahali. Ule mshono."

Valentino alikuwa anajipiga picha na ubao, akarudia mara tatu kwa sababu ya mwanga. "Mzee, ningekuwa na muda wa kukueleza ningekueleza. Hayo si ya kichwa chako."

"Mjibu baba," alisema Agnella. "Amekuuliza kitu."

"Dada, samaki wako wataungua."

Agnella alikiangalia kisu, akamwangalia mdogo wake, akaamua kwenda zake.

Nyumbani, Valentino aliuegemeza ubao kwenye ukuta wa magharibi, palepale jua linapopiga, akaoga, akajipaka manukato, akaita bajaji ikampeleka mtaa wa Viwanja Sitini kwa rafiki zake wa zamani. Huko aliwaonyesha video zake mpaka simu ikaishiwa chaji, akaazima chaja, akaendelea. Mmoja wao alikuwa fundi wa mashine za kukobolea mpunga, mwingine ana duka la mbegu. Aliwahurumia wote wawili, akala chakula chao, akalala kwenye kitanda chao.

Mzee Kelestini alibaki peke yake na ubao. Alikaa barazani akiuangalia unavyopigwa na jua. Alipoweka kiganja juu yake, ulikuwa wa moto kama sufuria. Alijua chombo kipya kinavyolia kikianza kupasuka, na ingawa huu haukuwa unalia, aliogopa kwamba ungefanya hivyo njiani, au huko kwenye mawimbi yanayofunika nyumba, mwanawe akiwa juu yake. Mtumbwi mpya yeye huuzamisha kwenye ghuba ndogo ya mto, chini ya viroba vya mchanga, mti ukanywa maji, ukavimba, nyufa zikafunga zenyewe. Kazi hiyo hakuwahi kumfundisha mtu mvivu, na hakuwahi kuiruka hata mara moja.

Akaubeba ubao mpaka ghubani. Alishangaa wepesi wake, na wepesi huo ukamthibitishia kiu. Akatafuta mahali pa kunyweshea, akakikumbuka kile kitundu. Sarafu alikuwa nayo. Aliuzungusha mkono vilevile alivyoona mwanawe akiuzungusha, ila upande wa pili.

Asubuhi Valentino alirudi akipiga mluzi, akakuta ukuta mtupu. Baba yake alikuwa amesimama kwenye maji mpaka kiunoni, anaondoa viroba vya mchanga kimoja kimoja, na uso wake ulikuwa umechangamka.

"Njoo unisaidie," aliita. "Nimekuwekea sawa. Sasa hakitapasuka."

Valentino hakuelewa mara moja, na alipoelewa aliingia majini na viatu vyake. Mtu yeyote anayefundisha ubao anajua: ubao uliokuwa juani ukitiwa ghafla kwenye maji baridi huvuta pumzi, na kama skrubu iko wazi, unachovuta si hewa. Ule aliouinua jana kwa mkono mmoja waliutoa watu wawili wakihema. Mzee aliuinamisha, maji yakatoka kwenye kitundu kwa mshindo mwembamba, yakaendelea kutoka, yakaendelea.

"Umekunywa vizuri," alisema mzee Kelestini. "Sasa una uzito wa chombo."

Valentino alimwita mshamba. Alimwita baba yake mzazi mshamba, mjinga wa magogo, mbele ya wavuvi waliokuwa wanakunja nyavu, na sauti yake ikavuka maji ikafika kwa Agnella pale kwenye kaango. Wavuvi waliacha kazi. Mzee alibaki ameshika ile skrubu kwa vidole viwili, akaiangalia, kisha akamwangalia mwanawe, kisha akaiangalia tena.

Ubao wa povu ukishajaa maji haukauki kwa siku moja wala kwa mwezi. Ilikuwa Ijumaa. Ndipo Valentino akaukumbuka ule wa bluu.

Bajaji haikwenda kasi ya kumtosha. Njia nzima alikuwa anausifu moyoni: kiraka ni kitu gani, kiraka kinapakwa rangi, ulilia mkavu, kingo zake imara. Aliusifu kuliko alivyopata kumsifu mtu yeyote wa bonde hili.

Nje ya parokia watoto wa mafundisho ya komunyo ya kwanza walikuwa wamekaa safu moja juu ya kitu cha njano chenye miguu sita. Walimwamkia shikamoo, wote kwa pamoja. Alipita.

Katekista Hermenegildi alikuwa nyuma ya nyumba yake na seremala. Alikuwa amefurahi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," alisema Valentino haraka. "Katekista, ule ubao wa bluu."

"Umetufaa kuliko nilivyodhani," alisema katekista, akamwonyesha kwa mkono wazi.

Walikuwa wameukata chini kidogo ya tundu la mlingoti, wakaupigilia bawaba mbili. Pua yenye kiraka ilikuwa imetazama juu. Mlango ulifunga vizuri, ukafunguka vizuri, na bata jike akatoka akawapita bila haraka.

"Wewe ndiye mtaalamu," alieleza katekista, alipoona kijana anaukodolea macho mlango. "Ulisema tuukatie mlango wa banda la bata. Sisi tungejua wapi? Tukafanya kama ulivyosema." Hakukuwa na kejeli hata chembe ndani yake, na hilo ndilo lililomchoma Valentino zaidi.

Alirudi Kivukoni kwa miguu. Ni mbali, na tope lilikuwa lilelile. Huko ghubani mzee Kelestini alikuwa ameuweka ubao kivulini juu ya magogo mawili, kitundu chini, na maji yalikuwa bado yanadondoka. Agnella alikuwa amekaa karibu naye. Alipomwona mdogo wake aliinuka, akafungua mdomo, na maneno aliyokuwa ameyaandaa tangu asubuhi yalikuwa mazito. Alimwangalia usoni akayameza.

"Mwamkie baba," alisema tu, akarudi kwenye kaango lake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Walikaa. Mzee hakuuliza alikokuwa. Alikuwa bado anaizungusha ile skrubu kiganjani, na kidole gumba kilikuwa kimepata wekundu.

"Nilikuuliza hiki ni cha nini," alisema. Hakuisema kama lawama. Aliisema kama mtu anayerudia swali kwa kuwa bado anataka kujua.

Valentino alitazama maji. Swali hilo huulizwa kila asubuhi kule Unguja, na wageni wasiojua hata kuogelea, na yeye hulijibu kwa tabasamu; mgeni asipoelewa hulirudia, na asipoelewa tena humshika mkono akamwonyesha.

"Ndani hamna mti," alisema mwishowe. "Mna povu jeupe, kama lile linalofungiwa televisheni mpya. Limejaa hewa. Jua likiwaka hewa inavimba, kwa hiyo ukisafiri nao unafungua hicho ili upumue, usipasuke. Ukiingia majini unakifunga, maji yasiingie. Na jana haukuvuja. Ni mdogo tu, upepo ukikatika unashuka na mtu."

Mzee Kelestini alisikiliza mpaka mwisho. Akaugonga ubao kwa kiungo cha kidole, puani, katikati, mkiani, na kote ukatoa sauti ya kitu kilichoshiba.

"Kumbe ni maneno machache tu," alisema.

Akamrudishia mwanawe skrubu yake.